Umeumia michezoni na huna barua ya daktari: namna ya kumfikia mtaalamu wa fiziotherapia moja kwa moja

Jumamosi moja saa tatu usiku mpwa wangu alinipigia simu. Alikuwa ameruka kupiga mpira kwa kichwa, akatua juu ya kiatu cha mwenzake, na kifundo cha mguu kikavimba papo hapo. Kliniki aliyoipigia ilimjibu kwamba bila barua ya daktari haimpokei. "Sasa mjomba, nipange foleni kwa daktari ili aniandikie barua ya kuja kwa mtu wa kazi kama yako?"

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani kutibu viungo kwa mazoezi na mikono, na swali hilo hulisikia karibu kila wiki. Jibu ni kwamba mara nyingi barua haihitajiki. Ila barua ile, ingawa ni kipande cha karatasi tu, ilikuwa na kazi tatu: kuonyesha kwamba kuna daktari aliyekwisha kukutazama na hana wasiwasi wa jambo kubwa, kumpa mtaalamu historia yako, na kumridhisha anayelipa. Ukija mikono mitupu, kazi hizo tatu unazibeba mwenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu una hatua ambazo hukuzitarajia.

Hatua ya 1: Hakikisha si la hospitali

Kiungo kimepinda au mfupa umetokeza. Mguu umekuwa baridi, umepauka au vidole vimeingia ganzi. Umegongwa kichwa ukapoteza fahamu, unatapika au unauliza swali lilelile mara tatu: nenda idara ya dharura, habari ya fiziotherapia itakuja baadaye. Vivyo hivyo maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi sehemu ile unayokalia, au mkojo uliogoma kutoka au unaotoka wenyewe. Hilo halingoji asubuhi. Na shavu la mguu mmoja likivimba na kuwa na joto, hasa baada ya kukaa na plasta au safari ndefu, usimruhusu mtu yeyote alikande. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Kwa kifundo zipo kanuni za Ottawa, zilizochapishwa mwaka 1992, ambazo madaktari wa dharura huzitumia kuamua nani apigwe eksirei. Nilimwongoza mpwa wangu kwa simu ya video.

"Weka kidole gumba kwenye ncha ya chini ya ule mfupa wa nje wa kifundo. Sasa panda nacho kwa ukingo wake wa nyuma, kama sentimita 6. Bonyeza mfupa, si nyama."

"Hapo hapaumi, mjomba. Panapouma ni mbele, penye uvimbe."

Tukarudia upande wa ndani. Kisha ile nundu iliyo katikati ya ukingo wa nje wa wayo, kisha mfupa ulio juu ya upinde wa ndani wa wayo. Mwisho nikamwambia atembee hatua nne. Alichechemea kama mtu anayekanyaga makaa, lakini alizimaliza, na kuchechemea kunaruhusiwa. Mfupa ungeuma kwenye mojawapo ya sehemu hizo, au kama hatua nne zingemshinda tangu alipoumia hadi wakati ule, ningemtuma eksirei kwanza. Kanuni hizi usimtumie mlevi, mtoto mdogo, wala mtu ambaye miguu yake imepoteza hisia, kwa mfano kwa sababu ya kisukari.

Jeraha jingine linalodanganya watu ni la kano ya kisigino. Mtu husema alihisi kama amepigwa teke kwa nyuma, akageuka, hakuona mtu. Lala kifudifudi, wayo ukining'inia nje ya kitanda, mtu akuminye shavu la mguu. Wayo unapaswa kusogea kama unaokanyaga pedali. Usiposogea, huenda kano imekatika, hata kama bado unaweza kutembea. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na goti lililolia "ta!" kisha likajaa ndani ya saa chache huenda limevuja damu ndani. Njoo tu, lakini ujue utahitaji picha.

Hatua ya 2: Jua sheria ya unakoishi

Hili ni la dakika tano. Australia ilifungua mlango huu, wa kumwona mtaalamu bila barua ya daktari, mwaka 1976, Uholanzi mwaka 2006, na leo majimbo yote 50 ya Marekani yana namna fulani ya kuruhusu, ingawa mengine yanaweka kikomo. New York, kwa mfano, hukupa siku 30 au vikao 10, kinachotangulia, kabla ya kudaiwa barua. Tazama tovuti ya baraza linalosajili wataalamu wa fiziotherapia nchini mwako, au upige simu.

Hatua ya 3: Chagua mtu, na uulize swali sahihi

Tafuta jina lake kwenye rejista ya baraza hilohilo. Nchi nyingi zinalinda kisheria jina la taaluma ya fiziotherapia, lakini maneno kama "mtaalamu wa majeraha ya michezo" mara nyingi yanaweza kubandikwa mlangoni na yeyote. Hajaonekana kwenye rejista? Nenda kwa mwingine.

Ukipiga simu usiulize, "Je, nahitaji barua?" Mtu wa mapokezi atasema ndiyo kwa mazoea, maana jibu hilo halijawahi kumletea matatizo. Uliza: "Mnapokea wanaokuja wenyewe, na nafasi ya karibu ni lini?" Mpwa wangu aliipigia kliniki ileile Jumatatu asubuhi kwa swali hili la pili. Akapewa Jumanne saa nne.

Mimi nina upendeleo wangu na siufichi. Kliniki inayokulaza kitandani, ikakuunganishia mashine na kukuacha dakika ishirini ukitazama dari, siipendi. Ultrasaundi ya matibabu hasa (mashine ya mawimbi ya sauti, si ile ya kupiga picha), ushahidi wa kuwa inaponya kifundo kilichoteguka ni dhaifu sana. Nenda kwa mtu atakayekusimamisha, akutazame ukichuchumaa, ukipanda ngazi, ukiruka kama unaweza. Kukandwa kunaleta nafuu, sikatai, lakini kusiwe ndiyo matibabu yote.

Hatua ya 4: Bima (unayelipa mfukoni, ruka hapa)

Miaka kadhaa nyuma niliumia bega. Nikaenda kwa mwenzangu wa kazi, bila barua, maana sheria iliniruhusu na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwaambia wagonjwa hivyo. Vikao sita. Bima ikakataa vyote sita. Nilikaa kwenye simu karibu saa nne kwa siku mbili, nikisikiliza muziki uleule, ndipo mama mmoja mpole akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua: sheria inasema nani anaruhusiwa kukutibu, mkataba wa bima unasema nani atalipwa. Ni karatasi mbili tofauti, na hazijawahi kusomana.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza waandikie bima, kwa barua pepe au kupitia programu yao, ili jibu libaki kwa maandishi. Uliza kama barua ya daktari ni sharti la malipo. Uliza kama wanataka kibali chao kabla ya kuanza, maana hilo ni jambo jingine kabisa na linaweza kudaiwa hata pale barua isipodaiwa. Uliza ni vikao vingapi kwa mwaka, na kama tathmini ya kwanza inahesabiwa humo. Uliza kama mtaalamu uliyemchagua yumo kwenye orodha yao. Rejista ya baraza na orodha ya bima si kitu kimoja. Na usione haya kuuliza kama majeraha ya mashindano yamo. Mikataba mingine inafunika mazoezi ya kujifurahisha lakini si mechi za ligi, mingine inamtenga anayelipwa kucheza. Kama uliumia ukichezea klabu, huenda klabu ina bima yake inayotakiwa kuguswa kwanza. Ajali ya kazini au ya barabarani ina njia yake. Usiichanganye na hii.

Ukilazimika kuwapigia simu, andika jina la aliyekujibu, tarehe na saa, kisha umtumie ujumbe wa kuthibitisha alichosema. Nimewahi kupewa majibu matatu tofauti na watu watatu wa ofisi moja siku moja.

Wakisema barua inahitajika kwa malipo, itafute kabla ya kuanza. Barua yenye tarehe ya baada ya kikao cha kwanza mara nyingi haipokelewi, na usithubutu kumwomba daktari arudishe tarehe nyuma. Huo ni udanganyifu, na unaweza kukugharimu bima yenyewe. Mara nyingi daktari wa kwa simu anatosha, lakini thibitisha na bima. Mwombe aandike "tathmini na matibabu ya fiziotherapia" pamoja na kiungo husika. Akiandika "ultrasaundi mara sita", amemfunga mikono mtaalamu, na kitu chochote nje ya hapo kinaweza kukataliwa.

Kama jeraha haliwezi kungoja majibu yao, lipia tathmini ya kwanza mwenyewe, ukijua huenda hutarudishiwa. Risiti iwe na tarehe, namba ya usajili ya mtaalamu, huduma iliyotolewa, na kiungo pamoja na upande wake. Upande! Dai langu moja la bega lilirudishwa kwa sababu risiti ilisema kushoto na fomu niliyoijaza kwa haraka ilisema kulia.

Hatua ya 5: Jiandikie barua yako

Nusu ukurasa. Hii ndiyo ya mpwa wangu, karibu neno kwa neno:

"Jumamosi jioni, nilitua juu ya kiatu cha mtu, wayo wa kulia ukageukia ndani. Uvimbe ulikuja ndani ya dakika kumi, mbele ya mfupa wa nje. Niliweza kutembea. Mifupa haiumi nikibonyeza. Kifundo hikihiki kiliteguka mwaka juzi, sikutibiwa. Situmii dawa yoyote. Nataka kurudi kucheza beki wa pembeni."

Sentensi ya thamani kuliko zote hapo ni ile ya mwaka juzi, na angeisahau kama nisingemuuliza. Wewe ongeza dawa unazotumia (za kuyeyusha damu hasa), upasuaji uliowahi kufanyiwa, na kama maumivu yanakuamsha usiku. Picha za zamani za eksirei beba.

Wakati ukisubiri miadi: funga bendeji, inua mguu, sogeza kifundo kadiri maumivu yanavyoruhusu. Barafu ni ya kutuliza maumivu tu. Gabe Mirkin, daktari aliyeeneza kanuni ya kupumzika na barafu mwaka 1978, mwenyewe aliandika mwaka 2014 kwamba vyote viwili vinaweza kuchelewesha kupona.

Hatua ya 6: Kikao cha kwanza

Vaa kaptura.

Usitoke chumbani bila kuambiwa anadhani ni nini, ufanye nini nyumbani na mara ngapi, na lini utegemee mabadiliko. Ukishaambiwa lini, uliza pia: "Nisipoona mabadiliko kufikia hapo, utanipeleka kwa daktari gani?" Mtaalamu mzuri ana jibu tayari, na hakasiriki. Mimi mwenyewe huandika barua kwenda kwa daktari wa mifupa mara kwa mara. Njia hii ina milango pande zote mbili.

Mpwa wangu alitoka na kazi ya kusimama kwa mguu mmoja akipiga mswaki, na kuinua visigino akiwa ameshika ukuta mara mbili kwa siku. Jumanne jioni alinitumia picha ya kifundo kikiwa zambarau hadi vidoleni, pamoja na swali: "Mjomba, Jumamosi nacheza?" Nilimjibu amuulize aliyemshika mguu.