Kuhamasisha jamii kwenye makazi yasiyo rasmi ya Waafghani waliohama makwao

Kazi hii mara nyingi huharibika wiki ya kwanza, kwa kosa moja: kumchukua mzee wa kwanza aliyejitokeza kuwa ndiye jamii. Makazi yasiyo rasmi ya Kabul, Herat, Jalalabad na Kandahar hayana watu wa asili moja. Eneo moja linaweza kuwa na waliokimbia mapigano kabla ya Agosti 2021, Taliban waliposhika madaraka, wakulima na wafugaji wa Badghis na Ghor walioshushwa Herat na ukame wa 2018, waliorudi kupitia vivuko vya mpaka vya Torkham na Spin Boldak tangu Pakistan ilipotangaza Oktoba 2023 kwamba itawaondoa wageni wasio na vibali, na waliorudi kutoka Iran kupitia kivuko cha Islam Qala. Kila kundi hujipanga kwenye safu zake, likawa na mzee wake, pengine hata na mulla wake, yaani imamu wa msikiti. Mhamasishaji asiyezijua safu hizo atahudumia moja akidhani amehudumia zote.

Kabla ya kuingia

Asasi zisizo za kiserikali nchini Afghanistan ziko chini ya Wizara ya Uchumi, kwa hiyo barua ya kwanza huombwa kwenye idara ya uchumi ya mkoa. Mambo ya waliohama na waliorejea yana idara yake, nayo inapaswa kujua. Beba nakala, barua asili ibaki ofisini. Kisha mwone wakil-e-gozar, mwakilishi wa mtaa anayetambulika kwa manispaa, ndipo uende kwa malik, kiongozi wa makazi (upande wa Herat wengi humwita arbab). Ukiruka ngazi ukaanza kwa malik, wakubwa watamuuliza habari za wageni ambao yeye mwenyewe hajawajua, naye atajilinda kwa kukufungia mlango.

Mulla asisahaulike. Tangazo lake baada ya sala ya Ijumaa huwafikia wanaume wengi kwa mara moja. Wanawake haliwafikii, kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba jamii yote imearifiwa.

Siku hiyo ya kwanza usiende na fomu wala kishikwambi. Fomu ikionekana tu, habari zitaenea kwamba watu wanaandikwa misaada, na kesho yake mahema mapya yatakuwa yamesimamishwa pembeni. Sema mambo matatu: mmetoka wapi, mtafanya nini wiki zijazo, na kitu gani hamtatoa. La tatu halipendezi kusemwa, lakini ukilificha sasa utalilipia baadaye.

Ramani ya kutembea

Zunguka mpaka wote kwa miguu pamoja na wazee wa safu mbili tofauti. Chora kwenye karatasi kubwa visima, vyoo, msikiti, mfereji wa maji ya mvua, nyumba ya mkunga, na njia ambayo gari la maji linaweza kupita bila kukwama kwenye tope la Machi. Kila makao yape namba kwa mfuatano wa njia, herufi ya safu ikitangulia: A-1, A-2, B-1. Namba iandikwe kwa rangi isiyofutika kwenye mlango au nguzo. Turubai hubadilishwa au huuzwa, na namba huondoka nalo.

Kisha bisha hodi kwenye kaya moja katika kila kumi na uulize: nani alikuonyesha mahali pa kujenga? Nani aliamua ugomvi wa mwisho wa maji? Ukiishiwa, nani anakukopesha? Majibu yote yakiwa jina moja, malik ana nguvu kweli. Yakitofautiana, una viongozi watatu, na kila mmoja wao anaweza kuisimamisha kazi kivyake. Mkopeshaji ndiye anayesahauliwa zaidi. Karibu na matanuri ya matofali, kama huko Surkhrod nje ya Jalalabad, familia nzima pamoja na watoto inaweza kuwa inafyatua matofali ili kulipa deni la mwenye tanuri. Mkutano wa saa tatu asubuhi hautawapata hata mmoja wao. Hao wafuate jioni.

Kamati itokane na ramani hiyo: mtu mmoja au wawili kwa kila safu, wasizidi kumi na wawili kwa jumla. Malik anaweza kuwa mwenyekiti, ila daftari la kaya lisilale kwake. Uliza pia kama kuna mtu aliyewahi kukaa kwenye baraza la maendeleo la kijiji, yale yaliyoanza kuundwa mwaka 2003 chini ya Mpango wa Mshikamano wa Kitaifa. Watu hao tayari wanajua kuandika kumbukumbu za kikao na kusoma hesabu mbele ya wenzao, na kuwafundisha wengine huchukua muda mrefu.

Kuwafikia wanawake

Tarehe 24 Desemba 2022 mamlaka ya Taliban iliwazuia wanawake wa Kiafghani kufanya kazi kwenye asasi zisizo za kiserikali. Aprili 2023 zuio likapanuliwa hadi kwenye Umoja wa Mataifa. Utekelezaji hutofautiana mkoa kwa mkoa na sekta kwa sekta, na afya imepata nafasi kubwa kuliko nyingine. Mengi hukubaliwa kwa mdomo na afisa wa hapo, kisha hufa afisa huyo akihamishwa. Kwa sababu hiyo usijenge mpango wote juu ya ruhusa moja, wala usiandike majina ya watumishi wa kike kwenye barua zinazozunguka ofisini.

Njia inayodumu ni wanawake wanaoishi humo humo: mkunga, mjane anayeheshimika, mama mkwe ambaye wakwe zake wanamsikiliza. Wape safu yao wenyewe, kaya 15 hadi 20 kila mmoja, ili asilazimike kuvuka eneo la watu wasiomjua. Wanaotoka nje ya makazi huhitaji mahram, ndugu wa kiume wa karibu wa kuwasindikiza. Kwa safari inayozidi kilomita 72 hilo ni agizo tangu Desemba 2021, na mahali pengi hudaiwa hata kwa safari fupi. Nauli na chakula cha mahram viingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Visipoingia, mwanamke atavilipa kutoka kwenye ujira wake, na mwezi wa pili hatarudi.

Kikao kifanyike ndani ya ua wa nyumba, wanawake sita hadi wanane wa safu moja, kati ya kazi za asubuhi na mapishi ya mchana. Wakwe na mama wakwe wasikae kikao kimoja, maana mke kijana hatasema neno mbele ya mama wa mumewe. Wasiosoma wapige kura kwa kokoto: weka mtungi, kipande cha sabuni, kijiti cha kuni na kitambaa, kila mmoja aweke kokoto tatu kwenye anachokihitaji zaidi. Tafuta mkalimani wa kike anayeijua lugha ya safu hiyo. Si kila mtu anazungumza Kidari au Kipashto nyumbani. Jalalabad utakutana na Kipashai. Mwana wa kiume akitafsiri, utapata mawazo ya mwana.

Kuhusu mabango: sheria ya Agosti 2024 ya kuamrisha mema na kukataza maovu inakataza picha za viumbe hai. Chora jagi, sabuni, jiko na bomba, usichore uso. Mfadhili anayetaka picha za watu aambiwe mapema.

Kuhesabu kaya na kulinda orodha

Anzeni kwa kukubaliana kaya ni nini. Ndugu wanne wenye wake na watoto wanaweza kuishi ndani ya ua mmoja. Kipimo kinachofanya kazi ni dastarkhan, kitambaa cha kulia: wanaokula pamoja kila siku kwa chakula kilichonunuliwa kwa fedha moja ni kaya moja. Mwanamume mwenye wake wawili wanaopika mbalimbali ana kaya mbili, na kila mke aandikwe kwa jina lake. Ukimwandika mume peke yake, mke mmoja atabaki bila kitu.

Hesabu yote iishe siku moja, alfajiri hadi adhuhuri, kwa timu nyingi zinazoanza pamoja. Ikienda siku tatu, watu watahama kutoka safu iliyohesabiwa kwenda isiyohesabiwa. Hema lisilokaliwa linajulikana: hakuna majivu kwenye jiko, hakuna matandiko yaliyokunjwa, ardhi ya mlangoni haijakanyagwa. Ila usimfute mtu papo hapo. Rudi jioni, kwa kuwa wapo wanaotoka kuokota plastiki na karatasi tangu gizani.

Wasio na tazkira, yaani kitambulisho, wasiachwe nje. Ndio wengi miongoni mwa wajane na waliorejea ghafla. Watambuliwe kwa mashahidi wawili: mmoja wa safu yao, mwingine wa safu nyingine. Shahidi wa safu nyingine ndiye anayezuia kubebana.

Orodha ya rasimu isomwe hadharani kwa namba za makao bila majina, na zipite siku tatu za pingamizi. Ofisi ikidai orodha, toa jumla: idadi ya kaya, ya watu, ya kaya zinazoongozwa na wanawake. Orodha yenye majina, simu na kijiji cha asili inaweza kutumiwa kumtafuta mtu, na ikishatoka hairudi.

Siku tatu hadi tano baada ya mgao tembelea kaya chache na uulize kilichobaki. Kuna kugawana kwa hiari, ambako jirani aliyekosa hupewa sehemu, na kuna makusanyo, ambapo mtu hupita na gunia kila mlango akichukua kiasi kilekile. La kwanza liache. La pili lina maana ama malik anatoza, ama orodha yako imeacha watu wengi kiasi kwamba wazee wameamua kurekebisha wenyewe. Chunguza sababu hiyo ya pili kabla ya kumshutumu mtu.

Maji na vyoo

Kaya 120 kwa wastani wa watu 7 ni watu 840. Kwa kiwango cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu, cha lita 15 kwa mtu kwa siku zinahitajika lita 12,600, sawa na gari la lita 5,000 kuja mara mbili na nusu. Bomba moja ni la watu 250 na pampu ya mkono ni ya watu 500, kwa hiyo mabomba manne au pampu mbili. Klorini inayobaki kwenye maji iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikizidi, watu watalalamika ladha na kurudi kwenye mfereji.

Choo kimoja kwa watu 20 kinaleta vyoo 42, na hapo ndipo ugomvi huanza. Mwambie mulla aonyeshe kibla kabla ya kuchimba. Kibla cha Kabul kiko magharibi kuelekea kusini kidogo, na mtu akichuchumaa asikielekee wala kukipa mgongo. Mlango usitazame mahali wanaume wanapokaa. Choo kikikosewa kwa lolote kati ya hayo kitageuka ghala. Pata pia neno la mwenye ardhi, kwa kuwa wengi wao hukataa shimo la kudumu kwa hofu kwamba choo ni dalili ya watu kuhamia moja kwa moja.

Baridi

Wakazi huhesabu baridi kwa chilla, siku arobaini kali zinazoanza tarehe 1 ya Jadi, mwezi wa kalenda ya jua ya Kiafghani, yaani karibu 21 au 22 Desemba. Kuni, makaa na blanketi viwe mikononi mwao kabla ya siku hiyo. Mgao wa Januari huwakuta tayari wamekopa. Katika barua na matangazo andika tarehe mbili: ofisi hutumia kalenda ya Hijria ya mwezi mwandamo, wakazi huenda na miezi ya Hamal, Saur na Jawza ya kalenda ya jua.

Ujumbe mmoja urudiwe hadi uchoshe: makaa yaliyoacha kutoa moshi bado yanaua. Familia huwasha mangal (jiko la makaa) nje, husubiri moshi uishe, kisha huliweka chini ya sandali, meza fupi ya kuotea moto, hufunika mfarishi na kuziba kila tundu la hema. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Mfundishe kila mama: tundu moja chini, moja juu, mangal litoke kabla ya kulala. Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, wote watoke nje mara moja, hata kama kuna theluji.

Ardhi

Jua mapema kama kiwanja ni cha mtu binafsi au cha serikali. Kikiwa cha mtu, andikeni makubaliano ya kukaa, hata ya miezi sita, yenye mipaka, muda wa notisi, mashahidi wawili na alama za vidole. Notisi ya kuondolewa ikija, hoja ya kwanza si haki za kimataifa. Uliza nani ameisaini, tarehe ni ya kalenda ipi, watu wanapelekwa wapi. Kisha wazee waombe muda hadi Hamal, mwezi wa kwanza wa kuchipua. Ombi la kupisha baridi hueleweka kwa mwenye ardhi na kwa afisa pia.

Malalamiko

Sanduku la maoni kwenye makazi ambako wengi hawasomi hubaki tupu. Tumia saa maalumu ya kusikiliza, wanaume mahali pamoja na wanawake pengine, na namba ya simu. Namba ya pamoja ya Awaaz, 410, ilianzishwa 2018 kwa mashirika yote. Ipige mwenyewe kwanza uone kama inapokewa, ndipo uibandike. Kila lalamiko lipate namba, na jibu ndani ya siku saba, hata likiwa ni kwamba halikukubaliwa. Lalamiko la mtumishi aliyetaka ngono ili atoe msaada lisiingie kwenye daftari hilo wala lisifike kwenye kamati: lipelekwe siku hiyohiyo kwa mtu mmoja aliyeteuliwa nje ya timu ya eneo hilo, bila namba ya makao wala jina la safu.