Kumnenepesha kondoo kwa pumba bila kumuua

Kondoo dume anayelishwa pumba tupu kwa miezi miwili ili auzwe Idi ya kuchinja huwa na namna yake ya kuugua. Anasimama kakunja mgongo, anajikamua kama anayetaka kukojoa, mkojo hautoki au unadondoka matone tu, kisha anaanza kujipiga teke tumboni. Mwenyewe anadhani kavimbiwa, anamnywesha mafuta ya kula. Baada ya siku mbili tatu kibofu kinapasuka, na hasara ni ya mnyama mzima, maana hata kuchinjwa hafai tena. Kilichomuua ni vijiwe vilivyoziba njia ya mkojo, na vijiwe hivyo vimetokana na pumba.

Pumba za nafaka, ziwe za mahindi, mpunga au ngano, zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Za ngano, kwa mfano, fosforasi ni kama asilimia 1, kalsiamu ni kama asilimia 0.1. Kondoo anahitaji kinyume chake, kalsiamu iwe karibu mara mbili ya fosforasi. Fosforasi inayobaki hutoka na mkojo, na kondoo asiyekunywa maji ya kutosha kwenye joto la Dodoma au Shinyanga mkojo wake ni mzito, basi chumvichumvi zinaganda humo. Jike hupona kwa sababu njia yake ni fupi na pana. Dume njia yake ni ndefu, nyembamba na ina kona, na aliyehasiwa akiwa mchanga njia hiyo hubaki nyembamba zaidi. Ukikusudia kunenepesha, usiharakishe kuhasi.

Kinga yake ni rahisi na iko madukani: chokaa ya kulishia mifugo, ileile wanayochanganya wafugaji wa kuku. Ya kupaka ukutani usiiguse, inaunguza. Ongeza chumvi ili mnyama anywe maji zaidi, na maji yawepo mchana kutwa, safi, kivulini. Kondoo mmoja wakati wa jua kali anaweza kumaliza lita 4 au 5 kwa siku.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa kanda ya kati, kila kilo 100: pumba za mahindi kilo 66, mashudu ya alizeti (yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta) kilo 31, chokaa kilo 2, chumvi kilo 1. Unapata protini kama asilimia 15, inayotosha kabisa kondoo anayenenepeshwa. Kwa wenzetu wa Shinyanga na Simiyu mashudu ya pamba ndiyo yaliyo karibu na yanafaa kwa wakubwa, ila wana-kondoo ambao bado wananyonya wasipewe, kwa sababu ya sumu iliyomo kwenye mbegu ya pamba. Mchanganyiko wa kuku au wa nguruwe usimpe kondoo hata kama ni wa bure. Huongezwa madini ya shaba, na kondoo hana uwezo wa kuyatoa mwilini kama mifugo mingine. Yanajikusanya kwenye ini kimyakimya, halafu siku moja macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, na hapo huna la kufanya.

Sasa kiasi. Kondoo wetu wa kilo 30 anakula kama kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, na angalau nusu yake iwe majani, mabua au makapi ya maharage. Anza na gramu 100 za mchanganyiko kwa kila kondoo, ongeza gramu 50 kila baada ya siku tatu, hadi ufike gramu 400. Ni kama wiki mbili na nusu, na wengi hawana subira nazo. Vijidudu vya tumboni vinavyosaga majani si vile vinavyosaga wanga. Ukimwaga debe la pumba siku ya kwanza, hasa pumba za mashine ya kijijini zenye chenga na unga mwingi, tumbo linachacha, kondoo anaharisha kinyesi chenye harufu ya uchachu, anasaga meno, analala na haamki. Akionyesha dalili hizo ondoa pumba zote, mpe nyasi kavu na maji, umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Gramu 400 usizikadirie kwa mkono. Nenda na kopo lako kwa mwenye mizani, pima mara moja, weka alama. Pima upya ukibadilisha aina ya pumba, maana kopo la pumba za ngano ni jepesi kuliko la mahindi. Hori nalo liwe refu kiasi kwamba wote wanakula kwa pamoja, kama sentimita 30 kila mmoja. Hori likiwa fupi, dume kubwa linakula sehemu ya watatu na ndilo litakalokufa kwanza.

Ununuzi unahitaji pua na vidole. Pumba laini za mpunga zina mafuta mengi, asilimia 12 na zaidi, na kwenye joto huanza kuharibika tangu zinapotoka mashineni. Zikinuka kama mafuta ya zamani ziache. Nunua za wiki mbili, si za msimu, na zisizidi robo ya mchanganyiko. Wauzaji wengine huchanganya na maganda ya kuchomea matofali: weka kiganja kimoja cha pumba kwenye ndoo ya maji, koroga, uone kinachoelea. Maganda hayana lishe, yanajaza tumbo tu.

Pumba za mahindi zina hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye pumba. Sembe inakuwa salama zaidi kwa mlaji, mzigo unamwangukia mfugo. Wakazi wa Dodoma na Manyara hawahitaji kukumbushwa mwaka 2016, sumu hiyo ilipoua watu. Kondoo mkubwa anaivumilia kuliko kuku, lakini ini lake linaumia, na majike wenye mimba na wana-kondoo wanaumia zaidi. Pumba zilizoshikamana mabonge, zenye ukungu au vumbi la kijani, ni za kutupa. Nyumbani, viroba vikae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Machicha ya bia ni mazuri kwa aliye karibu na kiwanda. Robo tatu na zaidi ni maji, kwa hiyo unalipa nauli ya kubeba maji, na kwenye joto yanachacha siku ya tatu. Chukua ya siku mbili tu.

Lisha alfajiri na jioni. Saa sita mchana kondoo anahema, hana hamu, na chakula ulichokiweka kinachachia horini. Kabla ya kuanza wape dawa ya minyoo, hasa kondoo wa aina ya Dorper na chotara wake. Kondoo mwekundu wa Kimasai anavumilia minyoo zaidi, lakini naye ana kikomo.

Kuhusu soko, miaka hii Idi ya kuchinja inaangukia Mei au Juni, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Maana yake unanenepesha Machi na Aprili, nyasi zikiwa bado mbichi na zenye protini, na pumba zikiwa ghali kwa sababu mahindi mapya hayajavunwa. Kipindi hicho punguza mashudu, waache wachunge muda mrefu, gramu 250 za jioni zinatosha. Anayenenepesha Agosti kwa ajili ya mnada yuko kwenye hesabu nyingine: pumba ni rahisi, nyasi hazina kitu, na huyo ndiye anayehitaji mashudu kamili. Pima uzito kila wiki mbili. Kondoo ambaye haongezeki kwa vipimo viwili mfululizo ilhali hana minyoo, muuze.