Usimuambie muganga "fanya angalisho", toa ile ampule pale

Kosa ikitokea ku lopitali, wanamuitaka muganga mu biro ajieleze, wanamuambia fanya angalisho, basi njo imeisha. Na ile kartoni ya ampule yenye ilimukosesha inabakia pale pale inangoja mwenye gardi ya kesho.

Mimi ilinipata usiku mu maternite moja hapa Goma, kuran imekatika, tochi ya simu iko mu kinywa, natafuta maji ya kuchanganya ampisiline, mkono ikaenda yenyewe kwenye imezoea. Nimeisha fungua ampule njo nasoma: KCl, ni potasiumu, siyo maji. Plastiki ileile, 10 ml ileile! Ile potasiumu ukiitia mu mshipa bila kuizimula mu serume, moyo inasimama.

Kwa hiyo anza na hiyo. KCl itoke mu salle, iende farmasi, na kama usiku farmasi inafungwaka, iwe mu kasanduku ka kufuli, ufunguo kwa mkubwa wa gardi. Lakini usifungie kila kitu eti usalama, ositosine ikae mu frigo ya karibu, juu mama akianza kutoka damu hakuna wakati ya kutafuta ufunguo.

Dawa ya eklampsia (kifafa cha mimba) weka yote mu kisanduku kimoja: manyeziumu, siringe, na kalsiumu glukonate ya kuizuia ikizidi. Doze bandika ku kifuniko, kisha funga na sparadra, ukiona imepasuka unajua mtu alifungua, jaza tena.

Siringe yenye haina jina ku sparadra inatupwa, hata kama uliivuta wewe mwenyewe sasa hivi.

Na majina... salle moja unakuta bamama Furaha wawili, wakati mwingine watatu. Usiulize "wewe njo Furaha?" juu mgonjwa mwenye homa anaitikaka ndiyo kwa kila kitu. Uliza "unaitwa nani, ulizaliwa mwaka gani?" kisha wewe njo ulinganishe na fishi.

Ku blok, kwenye wanapasulia, kuko ile liste ya usalama ya OMS (shirika la afya duniani) ya 2008, mambo 19, mbele ya kulalisha mgonjwa, mbele ya kupasua, na mbele ya kutoka. Isomwe kwa sauti, siyo kutia alama nyuma mu biro (munajijua).

Mwisho nunua kaye moja ya kuandika makosa yenye ilikuwa karibu kutokea. Yetu haina nafasi ya jina. Ukurasa ya kwanza ni ile ampule yangu.