Spika ya katikati: kuichagua na kuiweka ili hata aliyekaa mkekani asikie neno

Kaa katikati ya kochi kubwa na kila neno la filamu unalipata. Hamia kochi la pembeni, lile la karibu na mlango, na maneno yanaanza kumezwa. Watoto mkekani wanaomba sauti iongezwe, ikiongezwa, mlipuko unaofuata unamwamsha bibi chumbani. Ukarimu wa sebule zetu ndio huo, kuanzia Shangani, Mtwara, hadi Mtanda, Lindi: mgeni akija anakaa palipo na nafasi, hakai pale ambapo spika zinapendeza. Kwa hiyo usiipime spika ya katikati kwa masikio ya aliyekaa katikati. Ipime kwa masikio ya yule wa mwisho pembeni.

Katika mfumo wa 5.1 kuna spika 5 na sabufa 1, ile ya besi tu. Spika ya kushoto na ya kulia hubeba muziki na mandhari, mbili za nyuma hubeba vishindo vya kuzunguka, na mazungumzo karibu yote hupitia ile ya katikati. Ikiwa dhaifu, hakuna kingine kinachoweza kuyaokoa maneno.

Kama mnaangalia mmoja au wawili tu, na mnakaa katikati kabisa, spika mbili nzuri za kushoto na kulia zinatosha. Sauti itasikika kama inatoka katikati ya TV ingawa hapo hakuna kitu. Ingia kwenye mipangilio ya risiva (kile kikuza sauti kinachoendesha spika zote), uiambie kwamba spika ya katikati haipo, nayo itagawa mazungumzo kwa hizo mbili. Ni heri kukaa bila spika ya katikati kuliko kufunga mbovu. Lakini watu wakishafika wanne, wa pembeni ataanza kusikia kila mhusika anaongea kutoka kwenye spika iliyo karibu naye, hata kama mdomo unaocheza uko upande wa pili wa kioo. Hapo spika ya katikati inahitajika.

Kuichagua

Jambo la kwanza ni undugu. Spika ya katikati itoke kwenye familia moja na za kushoto na kulia: mtengenezaji mmoja, toleo moja, twita (ile spika ndogo ya sauti nyembamba) ya aina moja. Gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia, mlio wake haupaswi kubadilika ukifika katikati. Twita za kitambaa huku na ya chuma kule husikika mara moja.

La pili ndilo linalowaponza wengi. Spika nyingi za katikati ni boksi la kulala lenye wufa mbili (spika kubwa za sauti nzito na za kati) na twita moja kati yake. Umbo hilo limebuniwa ili liingie chini ya TV, na lina ugonjwa wake. Chukua mfano wa wufa mbili ambazo vitovu vyake vimeachana sentimita 30. Wimbi la sauti la hezi 2000, yaani mitetemo 2000 kwa sekunde, lina urefu wa takribani sentimita 17. Mtu aliye mita 3 mbele, akisogea sentimita 90 pembeni, sauti ya wufa moja inamfikia ikiwa imechelewa nusu wimbi nyuma ya nyingine, na hizo mbili zinauana. Eneo hilo la sauti lina sehemu kubwa ya konsonanti. Irabu zinabaki na nguvu zake, lakini *p*, *t*, *k* na *sh* zinafifia. Mgeni wa pembeni anasikia kwamba mtu anaongea, ila hajui anasema nini.

Dawa ziko tatu. Nzuri kuliko zote ni kutumia spika ya wima ileile uliyoweka kushoto na kulia. Madukani zinauzwa mbilimbili, kwa hiyo utanunua jozi mbili na moja itabaki ya akiba, nayo haiozi. Ya pili ni boksi la kulala la njia tatu, ambalo katikati yake lina spika ndogo ya sauti za kati na twita imepanda juu yake. Wufa zake mbili hukoma mapema, kwenye hezi mia kadhaa, hazigusi konsonanti. Ya tatu, kama fedha hairuhusu, ni boksi dogo ambalo wufa zake zimebanana. Zikiachana sentimita 20 badala ya 30, pale pabaya panasogea hadi kama mita 1.4 kutoka katikati, ambapo huenda hakuna kochi.

Jaribio la dukani ni rahisi na muuzaji mwaminifu hatalikataa. Weka kwenye simu ule mvumo wa “shhhh” unaofanana na redio isiyoshika stesheni, uupige kupitia spika hiyo peke yake, kisha tembea polepole kutoka kushoto kwenda kulia ukiwa umbali wa mita 3. Mvumo ukibadilika kama wa mtu anayefunika na kufunua mdomo kwa kiganja, iache. Ukiagiza Dar es Salaam huwezi kulifanya, na kuirudisha spika mamia ya kilomita kwa basi ni gharama. Basi angalau omba picha ya mbele bila kitambaa cha kufunika, uone spika zimepangwaje.

Kwa pwani yetu kuna jicho la ziada. Ule ukingo laini unaozunguka koni (uso wa spika unaotetemeka) uwe wa raba. Wa povu huoza haraka kwenye joto na unyevu, na spika nyingi za mtumba zinafika hapa ukingo wake ukiwa umeshaanza kuchanika. Ubonyeze taratibu kwa kidole: povu lililochoka huacha unga. Angalia pia kona za boksi kwa chini. Ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandishwa, ukiloa huvimba na haurudi.

Kuiweka

Iweke katikati ya kioo, karibu na kioo kadiri inavyowezekana, na twita yake iwe karibu na usawa wa twita za kushoto na kulia. Sikio la mtu mzima aliyekaa kochini liko kama sentimita 95 kutoka sakafuni. Kwa kuwa TV imekaa hapo, spika hushuka chini, na boksi likitazama mbele tu maneno yanaishia magotini.

Iinamishe nyuma. Toa kimo cha twita kwenye kimo cha sikio, gawanya kwa umbali wa kochi, zidisha kwa kina cha boksi. Jibu ni kiasi cha kuinua ukingo wa mbele. Twita ikiwa sentimita 45, sikio 95, kochi mita 3 na boksi lina kina cha sentimita 25: 50 gawanya kwa 300, mara 25, unapata kama sentimita 4. Vipande viwili vya ndala chakavu vilivyopangwa vinafaa kuliko mbao, kwa sababu raba haitelezi na inazuia boksi kutetemesha kabati. Kwa mwinamo huohuo, mstari wa sauti unapita karibu na vichwa vya watoto waliokaa mkekani mita mbili kutoka kwenye TV, kwa hiyo hamna haja ya kuchagua kati yao na wakubwa.

Uso wa boksi ufike ukingoni mwa kabati, hata utokeze sentimita 1. Ukiisukuma ndani, sauti inajigonga kwenye ubao wa chini kabla ya kukufikia na maneno yanachafuka. Usiifungie ndani ya shubaka. Kama lazima ikae humo, jaza nafasi za pembeni na nyuma kwa taulo au vipande vya godoro. Tundu la hewa likiwa nyuma ya boksi, liachie angalau sentimita 15 hadi ukutani. Pakikosekana, lizibe kwa sponji, maana vinginevyo sauti za kiume zinavuma kama mtu anaongelea ndani ya pipa.

Seremala akikutengenezea stendi ya mninga yenye miguu ya wazi ndani, ijaze mchanga mkavu ili isilie. Mchanga uwe wa mtoni. Wa baharini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu mwaka mzima.

Spika za kushoto na kulia zikae nyuzi 22 hadi 30 kila upande, ukipimia kwenye kochi kuu. Kwa kochi la mita 3 hiyo ni kama mita 1.2 hadi 1.7 kutoka katikati.

Waya na mipangilio

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha hadi mita 10. Ukwangue kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyofunikwa kwa shaba. Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi. Ukizigeuza, spika ya katikati inavuta wakati wenzake wanasukuma, na sauti inakonda. Betri ya volti 1.5 ikiguswa sekunde moja kwenye waya, ukiwa umeuchomoa kutoka kwenye risiva na chanya ya betri ikiwa kwenye nyekundu, koni ya wufa inapaswa kutoka nje. Upepo wa bahari huotesha kutu ya kijani kwenye ncha. Kila baada ya miezi kadhaa kata sentimita 2 na umenye upya.

Kwenye risiva, weka ukubwa wa spika hiyo kuwa ndogo (Small) na uikate kwenye hezi 80, au 100 hadi 120 kama wufa zake ni ndogo, ili besi iende kwenye sabufa. Pima umbali wa kila spika hadi kochi kuu kwa tepu ya fundi na uuandike, usikadirie. Kisha piga mlio wa majaribio na usawazishe spika zote kwa programu ya kupima sauti ya simu, kwenye desibeli 75. Simu inaweza kukosea namba yenyewe, lakini kwa kulinganisha inafaa. Mwisho ongeza ya katikati desibeli 2. Ikikulazimu kuongeza 5, kosa liko kwingine.

Na kama iko kimya kabisa? Angalia TV kwanza. Sauti ikitolewa kama PCM, mara nyingi zinapita njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Badili iwe Bitstream. Filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na vipindi vingi vya king'amuzi ni vya njia mbili tangu mwanzo, kwa hiyo risiva iwe kwenye Dolby Pro Logic II, Dolby Surround au DTS Neural:X. Ikiwa kwenye stereo, ya katikati hainong'oni hata neno.

Chumba nacho kina sauti yake. Piga kofi moja: ukisikia mlio unaojirudia kati ya marumaru na ukuta mtupu, weka zulia nene kati ya TV na kochi na pazia zito kwenye madirisha. Mkeka wa ukindu ni mwembamba mno kwa kazi hii. Mvua ya masika ikipiga kwenye bati lisilo na dari, hakuna spika itakayoishinda. Washa ile hali ya usiku, inayoinua maneno na kubana vishindo.

Ukimaliza, mwombe mtu arekodi kwenye simu maneno haya, kila moja peke yake na bila mpangilio: *sindano, shindano, fua, vua, panda, banda, pata, kata*. Yapige kupitia spika ya katikati kwa sauti ya kawaida. Mkalishe mtu kochi la mlangoni, mwingine katikati ya kochi kubwa na mwingine mkekani, kila mmoja aandike alichosikia. Aliye mlangoni akikosea *sindano* na *shindano* huku wa katikati akipata, ni zile wufa mbili: sogeza kochi ndani kidogo, au simamisha boksi wima kama nafasi ipo. Wote wakikosea, rudi kwenye mwinamo na zulia kabla hujagusa sauti.