Jinsi ya kuiangalia Ben-Hur mpaka mwisho bila kusinzia

Ukitaja Ben-Hur ya 1959 watu wanakwambia aah ile ya mbio za farasi, kumbe wameona kile kipande tu kwenye simu, wakijaribu muvi nzima usingizi unawabeba hata Judah, steringi mwenyewe, hajafungwa kwenye makasia. Siwalaumu, ina zaidi ya saa tatu na nusu.

Kwanza hakikisha unayo yenyewe, aliyoiongoza William Wyler na Charlton Heston ndo steringi, yaani Judah, maana ya 2016 nayo ina jina hilohilo na kuna ya kimya ya 1925, ukishusha bila kucheki mwaka umeunguza bando bure. Halafu tafuta tivii kubwa. Picha yake ni pana mno, upana unakaribia mara tatu ya kimo, kwahiyo utaona mistari minene meusi juu na chini, sasa wewe usiizumu ijae skrini!! Ukizumu farasi wa pembeni wanakatwa.

Mwanzoni utakuta mziki tu na picha imeganda, ile mikono ya Mungu na Adamu kwenye mchoro wa Michelangelo, dakika kadhaa hivi, tivii haijaharibika, nenda kachemshe chai. Mbele kuna mapumziko wameweka wenyewe, mimi nilishindwa mara mbili mpaka nilipoigawa hapo, kipande cha kwanza jumamosi (ndo kirefu, jipange) cha pili jumapili.

Mbio ziko baada ya mapumziko, usizirukie. Messala na Judah wamekua pamoja kama ndugu, halafu huyohuyo Messala anampeleka utumwani na mama na dada yake anawatupa gerezani, bila kuyaona hayo we unaangalia magari ya farasi tu yanazunguka. Na ukifika Nazareti, Judah kafungwa minyororo anakufa kiu, askari amekataza asipewe maji, anakuja mtu mmoja anampa, uso wake hawauonyeshi kabisa, muangalie yule askari anavyonywea akitazamana naye. Hayo maji yaweke kichwani.

Mbio zikianza ongeza sauti. Mziki wa Miklós Rózsa umejaa muvi nzima lakini hapo wameuzima, unasikia kwato, magurudumu na umati basi. Uwanja waliujenga kweli pale studio za Cinecittà, Roma, farasi ni wa kweli, ndo maana mpaka leo unashika kiti, vumbi la kompyuta halikupi ile hofu. Kuna sehemu gari la Judah linaruka juu ya gari lililovunjika na mtu anarushwa mbele, ile ilikuwa ajali kweli, dabo wa Heston, yule anayemchezea sehemu za hatari, anaitwa Joe Canutt, mtoto wa Yakima Canutt aliyesimamia mbio zote, akatoka na mchubuko kidevuni tu na picha wakaiacha humohumo. Zile stori za vijiweni kwamba kuna mtu alikufa pale achana nazo.

Messala akishaanguka wengi wanazima, wanaona adui kamalizwa. Usizime bwana, muvi ingali ndefu, mama na dada bado hawajapatikana, na yale maji ya Nazareti hujayaona yakirudishwa.