Kurejesha rutuba ya shamba dogo kwa nyasi na mikunde: ngoro ya Mbinga, hatua kwa hatua

Shamba lililochoka hujionyesha kwa mahindi membamba yanayoanza kugeuka njano kwenye majani ya chini, na kwa udongo unaoteremka bondeni kila mvua inaponyesha. Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, wakulima hulikabili tatizo hilo kwa ngoro, yaani vishimo vinavyozungukwa na matuta yenye nyasi zilizozikwa ndani yake, pamoja na mzunguko wa miaka miwili wa maharage, mahindi na mapumziko. Hivyo ndivyo ninavyolima mteremko wangu.

Hatua ya kwanza ni kulipumzisha shamba. Ukishavuna mahindi, mnamo Julai au Agosti, usilime, usichome moto, wala usiruhusu mifugo iingie. Acha nyasi ziote na kurefuka kwa mvua za mwisho wa mwaka hadi ifikapo Machi. Mwenye eneo dogo aligawe mara mbili, nusu moja ipumzike wakati nusu nyingine ina mahindi, ili chakula kisikosekane nyumbani.

Hatua ya pili, fyeka nyasi mwezi Machi kwa nyengo au panga, kisha uziache zikauke juani kwa siku kadhaa. Usiharakishe hapa. Mwaka mmoja nilizika nyasi zikiwa bado mbichi, pamoja na zile zinazotambaa chini kwa chini, nazo zikachipua upya juu ya matuta, nikalazimika kupalilia mara tatu.

Hatua ya tatu, panga nyasi kavu katika mistari inayoshuka na mteremko na mingine inayoukata, ili zifanye miraba yenye upana wa takriban mita moja na nusu. Chimba udongo katikati ya kila mraba na uzifunike nyasi zote za pande nne. Kitakachobaki katikati ni kishimo kinachoyanasa maji ya mvua pamoja na udongo ambao ungepotelea bondeni.

Hatua ya nne ni kupanda maharage, na mpangilio huu haupaswi kugeuzwa. Nyasi kavu zina kidogo naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani ya mimea, hivyo vijidudu vinavyoziozesha huichukua ile iliyomo kwenye udongo, na mahindi yakipandwa wakati huohuo hudumaa. Maharage huvumilia zaidi, kwa kuwa bakteria walio katika mizizi yake huipata naitrojeni kutoka hewani. Sambaza mbegu juu ya tabaka la kwanza la udongo, kisha uzifunike kwa udongo mwingine kutoka kishimoni. Yanapoanza kutoa maua, ng'oa mche mmoja kwa uangalifu na upasue vinundu vya mizizi kwa ukucha: vikiwa na rangi ya waridi ndani, vinafanya kazi, vikiwa vyeupe au vya kijani, havisaidii. Mara nyingi sababu ni upungufu wa fosforasi, na kwa udongo wenye tindikali mbolea ya Minjingu, inayotokana na mawe ya fosfeti, inafaa.

Hatua ya tano hupuuzwa na wengi, nami naisisitiza: baada ya kupiga maharage, rudisha mabua na maganda yote shambani. Maharage hayapati naitrojeni nyingi kutoka hewani kama soya au mbaazi, na sehemu kubwa ya ile yaliyoipata huondoka ndani ya gunia, kwa hiyo ukiyachoma masalia uani hutakuwa umeuongezea udongo chochote cha maana.

Hatua ya sita, mvua zinapoanza mnamo Novemba au Desemba, panda mahindi juu ya matuta yaleyale bila kulima upya, na magugu ya palizi uyatupe vishimoni yaoze. Baada ya palizi ya pili, sia marejea katikati ya mistari. Mmea huu wa jamii ya mikunde, ambao watawa wa Peramiho waliueneza sana mkoani Ruvuma, hukatwa unapoanza kuchanua, kabla shina halijawa gumu, na kulazwa vishimoni. Mbegu zake usiwape mifugo.

Mahindi yakishavunwa, shamba hurudi kwenye nyasi. Machi inayofuata, chimba vishimo vipya pale matuta ya zamani yalipokutana. Hapo ndipo nyasi nyingi zilizikwa, na utakuta udongo mweusi, mwepesi, wenye minyoo, ambao jembe huingia bila kulazimishwa.