Mbwa kapotea mlimani: jinsi ya kumtafuta kwa droni ya joto Mwanza

Mwanza ni mji wa mawe, na hilo ulielewe kabla hujawasha droni. Mawe ya Bugando, Mabatini, Igogo na Bwiru hupigwa na jua mchana kutwa, kisha hulitunza joto hilo hadi usiku mwingi. Ukirusha saa 2 usiku, mlima mzima unang'aa mweupe kwenye kioo cha rimoti, na mbwa aliyelala katikati yake humwoni. Kamera ya joto ya droni huonyesha tofauti ya joto kati ya mnyama na mahali alipolala. Tofauti ikikosekana, hata kamera ya bei mbaya haisaidii.

Kwa hiyo fanya kazi alfajiri, kuanzia saa 10 hadi jua linapochomoza. Huku jua hutoka kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro, kutegemea mwezi, na likishatoka nyuso za mawe zinazotazama mashariki huanza kuwaka mara moja. Mvua ya jioni ni neema kwa sababu mawe hupoa mapema, ila mbwa aliyelowa naye hutoa joto hafifu. Mpe saa kadhaa za kukauka.

Kosa linalowapotezea watu wanyama wao ni kutafuta nyuzi 38. Ndani ya mwili mbwa ana nyuzi 38 hadi 39, lakini kamera husoma juu ya manyoya. Alfajiri yenye baridi ya nyuzi 18, manyoya hayo yanaweza kusoma 24 au 27 tu. Penye joto zaidi ni macho, masikio na tumbo, na mbwa aliyejikunja kwa hofu huvificha vyote. Utakachoona ni doa la kijivu kilicho cheupe kidogo kuliko jiwe. Chagua rangi ambayo nyeupe ndiyo joto, na usiiambie kamera ifiche kila kilicho chini ya nyuzi 35, maana utakuwa umemfuta mbwa kwa mkono wako.

Kamera iwe ya pikseli (vidoti vinavyounda picha) 640 kwa 512. Kwa lenzi ya kawaida ya droni za aina hiyo, ukiwa mita 40 juu ya ardhi kila pikseli hufunika takriban sentimita 6: mbwa wa sentimita 70 anapata pikseli 12 hivi, paka 7. Ukipanda mita 80, paka anabaki na 3 au 4, na hapo hatofautiani na kokoto lenye joto. Kamera ya 160 kwa 120 iache nyumbani. Usishuke chini ya mita 30 pia, kwa sababu mlio wa mapanga ya droni humkimbiza mnyama ambaye tayari ana woga.

Kwenye mteremko kuna mtego. Droni nyingi huhesabu kimo kutoka pale ziliporukia, hazihesabu ardhi iliyo chini yake. Ukiirusha kutoka barabarani kwa mita 40 ukaielekeza kwenye mlima wa mita 60, itaugonga. Panda wewe kwanza, rushia juu, kisha shuka nayo polepole ukifuata ardhi.

Anzia mahali mbwa alipoonekana mara ya mwisho. Pita kwa mistari iliyoachana mita 25, kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, uso ukiwa kwenye kioo muda wote. Dakika 20 za namna hiyo zinamaliza kama ekari 20, kwa hiyo beba betri 3 au 4. Penye majabali yaliyobebana, kamera inayotazama chini moja kwa moja haioni kitu, kwani mbwa hujibanza pangoni au chini ya jiwe lililoinama. Ielekeze kamera kwa mshazari wa nyuzi 45 na ulizunguke kundi la mawe pande zote. Droni haioni kupitia bati, kioo wala maji, kwa hiyo vibanda na mabanda yakaguliwe kwa miguu na tochi. Kwa paka anza na tochi kabisa: mara nyingi amejificha nyumba mbili tatu tu kutoka kwenu, na macho yake yatameta.

Joto la uongo ni jingi. Pimbi wanaoishi mawe haya ni wakubwa kama paka, nao asubuhi hukaa wamerundikana wakiota jua. Kuna ndege aina ya korongo waliolala mitini, vichuguu, majivu ya mkaa na majalala yanayooza. Ukipata doa, simamisha droni dakika nzima ulitazame. Kichuguu hakigeuzi kichwa.

Kando ya ziwa mambo hugeuka. Alfajiri maji huwa na joto kuliko nchi kavu, hivyo ziwa huonekana jeupe na mbwa aliye kwenye matete hufifia mbele yake. Geuza rangi, nyeusi iwe joto, na utazame kutoka upande wa maji kuelekea nchi kavu. Usimtume mtu ndani ya matete usiku, kwa sababu kiboko na mamba wapo, na mamba hatoi joto la kuonekana. Upepo wa alfajiri nao hutoka nchi kavu kwenda ziwani: droni inakwenda kwa raha, halafu inarudi ikipambana. Betri ikifika asilimia 40 irudishe.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kiwepo na kiruhusu kuruka usiku. Uwanja wa ndege uko Ilemela, na Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo huko usikurupuke. Mwenyekiti wa mtaa na sungusungu wajue tangu jioni, la sivyo taa inayozunguka juu ya mabati saa 10 alfajiri itapokewa kwa mawe.

Ukimpata, kazi ngumu ndiyo inaanza. Ipandishe droni hadi mita 60, tuma lokesheni kwa mwenye mbwa, na aende mwenyewe peke yake. Asimwite kwa sauti kubwa wala kumfuata moja kwa moja. Akifika mita 20 hivi, aketi chini kwa ubavu, asimkazie macho, afungue mfuko wa dagaa wa kukaanga na kuuweka upande unakotoka upepo ili harufu imfikie. Huenda ikachukua saa nzima. Rubani aiache droni juu akieleza kwa simu, kwa maneno machache: kasimama, kakaa, anasogea kushoto. Mbwa akihama, droni imfuate kwa mbali bila kumkata njia.

Asiposogea kabisa, tegeni kizimba chenye dagaa hao hao na mkikague kila saa. Mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa alichanjwa.